The African Queen: Sinema ya vita, ya mapenzi au ya vichekesho?

WAPENZI wa filamu za zamani hawaishiwi na mabishano. Wakimaliza kushindanisha waigizaji wa enzi hizo, huhamia kwenye swali la rafu: filamu fulani iwekwe pamoja na zile za vita, za mapenzi, za upelelezi au za vichekesho? Miongoni mwa filamu zinazowagawa ni The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston, ambamo Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanateremka mto kwa boti kuukuu katika Afrika Mashariki ya Wajerumani ili wakaizamishe meli ya adui.

Ubishi huo unaweza kuonekana kuwa wa watu waliokosa kazi. Hata hivyo, ukitazamwa kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, kwenye kata za Lundo na Liuli ambazo zilikuwa chini ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012, unachukua sura nyingine. Vita ya majini kwenye maziwa ya Afrika Mashariki ilianzia katika mwambao huo, Agosti 1914, na namna ilivyoanza haikuwa mbali na kichekesho.

Hadithi ya filamu inafunguka Septemba 1914 katika kijiji cha kubuni kiitwacho Kungdu. Mchungaji Samuel Sayer na dada yake Rose, Waingereza wa madhehebu ya Methodisti, wanaendesha misheni. Charlie Allnut, fundi mpenda jini anayesambaza barua na mizigo kwa boti ya mvuke, anawaletea habari kuwa vita imezuka Ulaya. Muda si mrefu wanajeshi wa Kijerumani wanakitia kijiji moto na kuwachukua wakazi wake. Mchungaji anaugua na kufariki dunia. Rose anaondoka na Charlie, na ni yeye, mwanamke wa kanisani asiyejua lolote kuhusu mitambo, anayetoa wazo la kugeuza mitungi ya oksijeni na baruti zilizomo botini kuwa makombora ya kuilipulia Louisa, meli ya Wajerumani inayotawala ziwa.

Wanaotaka filamu hiyo iitwe ya vita wana hoja zao. Kuna mwaka, kuna adui, kuna ngome ambayo askari wake wanaimiminia boti risasi, na mwishoni kuna meli inayozama. Wapinzani wao hujibu kwamba vita ni pazia tu. Kwa sehemu kubwa ya filamu mtazamaji hamwoni mtu mwingine ila wawili hao ndani ya boti, na kinachomweka kitini si hatima ya makoloni ya Ujerumani bali kutaka kujua ni lini bibi huyu mkali atamwita fundi huyo kwa jina lake la kwanza.

Taasisi ya Filamu ya Marekani inaelekea kuunga mkono upande wa pili. Mwaka 2002 ilipotoa orodha ya filamu 100 bora za mapenzi za Marekani, The African Queen ilishika nafasi ya 14. Iliyoongoza ilikuwa Casablanca, nayo ya Bogart, nayo ina vita nyuma ya mapenzi yake. Tofauti ni kwamba wapendanao wa Huston hawakuwa vijana. Wakati wa kupiga picha Bogart alikuwa na umri wa miaka 51 na Hepburn 44, jambo lisilo la kawaida katika filamu za aina hiyo wakati ule, na hata sasa.

Kundi la tatu, ambalo huenda ndilo lenye haki zaidi, linasema ni kichekesho. Ushahidi wao unaanzia mezani, pale tumbo la Charlie linapounguruma mbele ya mchungaji huku watu wakinywa chai na kujifanya hawasikii. Kisha kuna asubuhi ile ambayo Charlie anaamka na uchovu wa ulevi na kumkuta Rose akimimina jini mtoni, chupa moja baada ya nyingine, bila kusema neno. Inasimuliwa, na Hepburn mwenyewe alilieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1987 kuhusu upigaji wa filamu hiyo, kwamba mwanzoni alimwigiza Rose kwa uso uliokunjamana mno. Huston akamshauri amfikirie Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, alivyokuwa akitabasamu anapowatembelea majeruhi hospitalini. Ushauri huo wa dakika chache ulibadili aina ya filamu nzima.

Ifahamike kwamba majina ya aina za filamu mara nyingi huja baada ya filamu zenyewe. Huston alipotengeneza The Maltese Falcon mwaka 1941, filamu yake ya kwanza akiwa mwongozaji, naye Bogart akiwa mpelelezi, wote wawili waliamini wanatengeneza hadithi ya upelelezi. Mwaka 1946 mhakiki Nino Frank, akiwa Ufaransa, akaziita filamu za namna hiyo ‘film noir’, yaani filamu nyeusi, na mpaka leo wapenzi wa sinema wanabishana ni ipi inastahili jina hilo na ipi haistahili. Watengenezaji hawakuulizwa.

Watazamaji wa Tanzania nao walikuwa na utaratibu wao wa kupanga picha, tena usiohitaji mhakiki. Palikuwa na picha la Kihindi, picha la kareti, picha la kikauboi, na katika kila moja palikuwa na steringi na adui. Kanuni iliyojulikana na kila mtoto aliyewahi kuchungulia kwenye tundu la ukumbi wa video ni kwamba steringi hafi. Ukiuliza kwa kipimo hicho, swali la The African Queen linageuka: steringi ni nani?

Tuzo zilimpendelea mwanamume. Machi 20, 1952, Bogart alipewa Oscar ya mwigizaji bora, akimshinda Marlon Brando aliyekuwa akitarajiwa na wengi kwa A Streetcar Named Desire. Hiyo ndiyo Oscar pekee aliyoipata hadi alipofariki dunia Januari 1957. Hepburn aliteuliwa pia lakini akarudi mikono mitupu, ingawa katika maisha yake alijikusanyia Oscar nne za uigizaji. Mwaka 1999 taasisi ile ile ya filamu ilipowapanga nyota wakubwa wa enzi ya zamani, Bogart alikuwa wa kwanza kwa wanaume na Hepburn wa kwanza kwa wanawake, na The African Queen ndiyo filamu pekee waliyocheza pamoja.

Lakini anayeitazama filamu bila kujali tuzo ataona kuwa maamuzi yote makubwa ni ya Rose. Charlie anataka kuificha boti nyuma ya kisiwa na kungoja vita iishe. Rose ndiye anayesema twende. Wanapovuka maporomoko ya kwanza, fundi anatetemeka, naye Rose anatoka amechangamka kama mtu aliyegundua ladha mpya. Kwa kanuni ya steringi, mwanamke ameshinda.

Mjadala unakuwa mgumu zaidi unapofikia jiografia, na hapo ndipo Tanzania inapoingia. Riwaya ya C. S. Forester ambayo filamu imetokana nayo ilichapishwa mwaka 1935. Humo mto unaitwa Ulanga, na ziwa linaitwa Wittelsbach, jina la ukoo wa kifalme wa Bavaria. Ziwa hilo halipo popote. Mto Ulanga upo, tena unafahamika: ni jina jingine la Kilombero, mkoani Morogoro. Tatizo ni kwamba hauelekei kwenye ziwa lolote. Unakwenda mashariki, unaungana na Luwegu kuwa Rufiji, na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Laiti Charlie na Rose wangeufuata Ulanga wa kweli, na boti yao ikanusurika kwenye maporomoko, wangetokea katika delta ya Rufiji. Huko manowari ya Kijerumani ya Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar Septemba 20, 1914, ilijificha mpaka ilipoangamizwa Julai 11, 1915. Wangekuta windo kubwa kuliko walilolitafuta.

Wengi wa wapenzi wa filamu hiyo wanakubaliana kuwa ziwa lililokusudiwa ni Tanganyika. Wana sababu nzuri. Mwaka 1915 Uingereza ilipeleka boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli na kwa kukokotwa katika misitu ya Katanga hadi mwambao wa Kongo wa ziwa hilo. Zikiongozwa na Geoffrey Spicer-Simson, ziliiteka meli ya Kijerumani ya Kingani Desemba 26, 1915, na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 9, 1916. Meli kubwa kuliko zote, Graf von Goetzen, haikuwahi kupigana nazo. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma Julai 1916 walipokuwa wakirudi nyuma. Ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba.

Hedwig von Wissmann ilikuwa na mwenzake katika Ziwa Nyasa, Hermann von Wissmann, na kisa cha meli hiyo husahauliwa mara nyingi katika mabishano haya. Kituo chake kilikuwa Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba mkubwa wa Pomonda uliowakumbusha sanamu ya Sphinx ya Misri. Waingereza wa Nyasaland, Malawi ya sasa, walikuwa na meli yao, Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades. Nahodha wa Wissmann aliitwa Berndt. Wawili hao walikuwa marafiki, na inasemekana kila meli zao zilipokutana walikaa pamoja wakanywa.

Vita ilipotangazwa, habari zilimfikia Rhoades kwanza, zikiambatana na amri ya kuiangamiza meli ya Wajerumani. Agosti 13, 1914, Gwendolen ilitokea Liuli na kuikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, haiwezi kujongea wala kujitetea. Mizinga ikaanza kufyatuliwa. Risasi kadhaa zilipita pembeni kabla ya moja kulenga shabaha. Ndipo Berndt, ambaye hakuwa na habari yoyote ya vita, akarukia mtumbwi na kupiga makasia hadi kwenye Gwendolen, akiwa na hasira, akitaka kujua kama rafiki yake amelewa. Alijibiwa kwamba nchi zao ziko vitani na kwamba yeye sasa ni mateka. Habari hizo zilipofika London zilipokewa kama ushindi wa majini, na wapo wanaouhesabu kuwa wa kwanza wa vita nzima. Mei 30, 1915, Waingereza walirudi Liuli, safari hii wakiteremsha wanajeshi, kuhakikisha meli hiyo haitengenezwi tena na Wajerumani.

Kisa hicho kina kila kilichomo katika The African Queen: meli ya Kijerumani iliyokuwa na nguvu katika ziwa, watu wawili, pombe, kutoelewana, na kicheko pale ambapo mtu angetarajia damu. Kama mwandishi wa filamu angekileta mezani, watayarishaji wangemwambia amezidisha mzaha.

Hata hivyo, kicheko hicho kina mpaka, na hapo kundi la wanaodai filamu ni ya vita linapata hoja ambayo lenyewe halipendi kuitumia. Wakazi wa nyanda za Songea na mwambao wa ziwa walikuwa wametoka katika Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907, iliyofuatiwa na njaa kali. Chini ya miaka 10 baadaye wazungu walianza kupigana wao kwa wao juu ya ardhi ile ile. Songea iliingia mikononi mwa Waingereza mwaka 1916. Jeshi la pande zote mbili lilitembea kwa miguu ya wapagazi, waliobeba chakula, risasi na hata vipande vya mizinga. Kwa upande wa Waingereza peke yake, idadi ya wapagazi waliokufa, wengi kwa maradhi na uchovu, hukadiriwa kuwa zaidi ya 90,000. Mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam ulipata jina lake kutoka kwa kikosi hicho cha wapagazi.

Katika filamu ya Huston, watu hao wanaonekana mwanzoni kabisa. Wanakijiji wamekaa kanisani wanaimba wimbo wasiouelewa, huku Rose akipiga kinanda kwa jasho na kaka yake akipaza sauti. Ni tukio la kuchekesha. Dakika chache baadaye nyumba zao zinateketea na wao wanaswagwa kwenda kusikojulikana, na filamu haiwarudii tena. Ikiwa ni kichekesho au hadithi ya mapenzi, hakuna wa kuilaumu, maana hadithi ya wawili inahusu wawili. Ikiwa ni filamu ya vita, basi imewaacha nje waliobeba sehemu kubwa ya vita hiyo. Ndiyo maana jina la rafu si jambo dogo: linaamua filamu iulizwe nini na isamehewe nini.

Wapo wanaopendekeza rafu ya nne, ile ya filamu za Hollywood kuhusu Afrika, ambazo kwa kipindi kifupi zilifuatana kama magari ya msafara: King Solomon’s Mines ya 1950, The African Queen, Mogambo ya 1953 na Hatari! ya 1962, ambayo John Wayne aliichezea Tanganyika, katika mazingira ya Arusha. Pendekezo hilo lina mantiki, ingawa linaiweka filamu ya Huston pamoja na nyingine zenye wanyama wengi na maneno machache. The African Queen ilipigwa katika Mto Ruiki, Kongo ya Wabelgiji, kisha Uganda kwenye Maporomoko ya Murchison na Ziwa Albert, na sehemu iliyobaki ikamaliziwa studio London. Wasanii na mafundi wengi waliugua tumbo kwa sababu ya maji, Hepburn akiwa miongoni mwao. Huston na Bogart walisalimika, nao walipenda kueleza kuwa siri ilikuwa wiski.

Cha ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo palikuwa na rafu nyingine iliyoanza kujengwa ambayo wapenzi wa Bogart hawakuifahamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili zilizochezwa na Waafrika kwa ajili ya watazamaji Waafrika. Maarufu zaidi ni Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa kijana mzaliwa wa Songea, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 angekuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika na ambaye alifariki dunia Desemba 31, 2009. Filamu hizo zilisimamiwa na serikali ya kikoloni, kwa hiyo nazo zina ubishi wake: je, ni filamu za Kitanzania au ni za wakoloni kwa lugha ya Kiswahili? Lakini kama sharti ni steringi, Mkoa wa Ruvuma ulikuwa na wake wakati Bogart akiwa bado anakung’uta vumbi la Kongo.

Suala la mwisho ambalo huwatenganisha mashabiki ni mwisho wa hadithi. Katika filamu, wawili hao wanakamatwa, nahodha wa Louisa anawafungisha ndoa kwa ombi lao kabla ya kuwanyonga, na dakika hiyo hiyo meli inajigonga kwenye mabaki ya boti yao yenye makombora na kulipuka. Katika riwaya mambo ni makavu zaidi. Boti inazama katika dhoruba bila kuigusa meli, Wajerumani wanawakabidhi Charlie na Rose kwa Waingereza, na ni boti za jeshi la majini la Uingereza zinazoizamisha meli. Kwa maneno mengine, Forester aliandika kitu kilicho karibu na yaliyotokea Ziwa Tanganyika, na Huston akakigeuza kuwa ushindi wa wapenzi. Aliyesoma kitabu kwanza huiita filamu ya mapenzi kwa dharau kidogo. Aliyeanza na filamu hukiona kitabu kama kilichoibiwa utamu wake.

Boti iliyocheza nafasi ya African Queen ilijengwa Uingereza mwaka 1912 na kufanya kazi kwa miaka mingi katika maji ya Uganda kabla ya Huston kuiona. Sasa iko Key Largo, jimboni Florida, ambako baada ya kukarabatiwa mwaka 2012 imekuwa ikibeba watalii. Hermann von Wissmann ilitengenezwa na Waingereza mwaka 1918 na kurudishwa katika Ziwa Nyasa ikiwa na jina jipya, King George V. Jina la Sphinxhafen likaondoka na Wajerumani, na mji ukabaki kuwa Liuli. Mwamba wa Pomonda bado upo ufukweni.